Siku Niliyolala Maiti Mbele ya Mama Mkwe

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine, maana najua habari imeshazunguka Kibera ikafika mpaka Kongo ya huku Kawangware na kila anayeisimulia anaongeza yake: ndiyo, mimi ndiye mwanaume aliyekatwa suruali na mama mkwe wake mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa nimelala chali nimejipaka damu ya ng'ombe. Lile paja mnaloliona kwenye simu zenu ni langu. Ile boksa ya maua pia ni yangu (mke wangu aliitoa mtumba, na nani alijua itapigwa picha?). Aibu niliyoipata siku hiyo sijawahi kuipata tena maishani, lakini kama mnangoja niombe msamaha kwa nilichokifanya baadaye, leteni viti mkae, mtangoja sana.

Kazi yangu mnaijua. Nauza mutura Gatina, hapa Kawangware, pale waendesha boda boda wanaposimama, na kama hujawahi kuila, ni utumbo uliojazwa nyama na damu na dhania ukachomwa kwa makaa, na ukipita hapo bila kununua pua yako ina shida. Kwa hivyo damu ndiyo ofisi yangu. Naijua ikiwa na moto wake, naijua ikitaka kuganda, najua inahitaji chumvi kiasi gani ili ikae. Ndiyo maana siku ile Oti alipokuja mezani kwangu na simu yake sikuweza kunyamaza.

Oti ni kijana wa Kibera, ana kamera moja na marafiki kumi, na kwa miezi mingi walikuwa wakitengeneza filamu ya vita. Bunduki zao zilichongwa na seremala, magwanda yao yalikuwa ovaroli za mafundi zilizotiwa rangi, na mabomu yalikuwa fataki ndani ya pipa, lakini ukimsikia akiongea ungedhani amerudi kutoka mstari wa mbele juzi. "Buda, cheki hii," akaniambia, "hii ni vita real, si zile za maigizo." Wateja wakakusanyika. Na mnaijua meza yangu, mtu akishika kipande cha mutura tu anakuwa mtaalamu wa kila kitu: mmoja akasema mtu akipigwa risasi huruka kinyumenyume, mwingine akasema hapana, hukunjika kama kiti cha plastiki, wa tatu akasema askari wa kweli halii, na wote watatu, nawaapia, mmoja ni fundi wa mabomba, mmoja anauza viatu na yule wa tatu vita alivyowahi kupigana ni vya kugombania maji ya mferejini. Mimi nikatazama simu. Kuna kijana alikuwa amekufa pale, kifuani amelowa kitu cha waridi, chepesi, kinachong'aa.

"Hiyo ni damu ama ni juisi ya mtoto?" nikauliza.

Watu wakacheka mpaka Oti akaona haya. Akazima simu, akanikazia macho. "Sawa, mtaalamu. Si ulete yako?"

Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikasema, "Naleta."

Neno moja tu hilo. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Sasa kabla sijafika Jumamosi yenyewe ya kupiga picha lazima niwaeleze kuhusu mama yake mke wangu, maana bila hilo mtadhani nilivuliwa tu suruali, na suruali si hoja. Mimi ni Mluhya, mke wangu Achieng ni Mjaluo, na kwa pande zote mbili mama mkwe si mtu wa kuchezea. Wajaluo humwita maro. Maro humpi mkono. Huli naye sahani moja, hukai naye kiti kimoja, ukimwona njiani unahama upande, na yeye vilevile anakuheshimu kwa kutokukutazama usoni. Miaka sita nimeoa pale, watoto wawili, na yule mama hakuwa amewahi kuniangalia uso kwa uso hata mara moja. Akiongea nami alikuwa anaongea na ukuta ulio karibu yangu, kwa heshima zote, "Orwa amekula?", orwa ni mkwe wetu, na mimi nauambia ukuta nimeshiba. Tuliishi vizuri sana hivyo.

Wiki hiyo alikuwa amekuja kutoka mashambani kumtembelea binti yake mkubwa, anayekaa kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise. Na Oti alikuwa ameamua kupiga picha pale nje ya ukuta wa Highrise, upande wa Kibera, mahali nyumba zilibomolewa zikabaki kuta nusu nusu, maana alisema panafanana na mji uliopigwa mabomu (wenyewe waliobomolewa walikuwa bado wanauza mboga ya sukuma pembeni, lakini hiyo ni habari nyingine). Nilimuuliza mke wangu kwa ujanja mama anakuwa wapi Jumamosi. Akasema, "Mama ni Msabato, Jumamosi yuko kanisani mpaka jua lizame." Nikajua niko salama.

Nikafika na ndoo. Haikuwa damu tupu, niseme ukweli, ilikuwa ile niliyokwisha kuitayarisha kwa kazi ya mchana, ina chumvi, kitunguu na dhania, maana sikutaka kupoteza nyingine. Yule mwigizaji aliyetakiwa kufa akachungulia ndani ya ndoo, akarudi nyuma hatua tatu, akasema yeye ameokoka na hawezi. Wote wakanigeukia. Oti akanipima kwa macho kama anayenunua kabati. "Buda, si wewe ndiye unajua damu? Lala hapo."

Wakanivisha ovaroli. Wakanimwagia kifuani, usoni, na nyingi sana kwenye paja la kulia, ikatengeneza kidimbwi chini yangu. Oti akachuchumaa, akanipa maagizo ambayo nayakumbuka neno kwa neno: "Sisi tunaenda kujificha kule dirishani ng'ambo, tunakuchukua kutoka mbali. Nzi akiingia puani, wewe ni maiti. Mtu akipita, wewe ni maiti. Mpaka usikie mimi nimesema kata." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtu anayeweza kusimama mbele ya makaa siku nzima anaweza kulala.

Fataki zikalia ndani ya pipa, puu, puu, moshi ukajaa, nikalala. Nzi wakaja, si mmoja, nzi wa mtaa mzima, wakanikaa midomoni. Halafu mbwa akaja akaanza kunilamba sikio kwa utulivu kabisa, kama aliyekaribishwa chakula (dhania ile!). Sikutikisika. Nilianza hata kujisifu moyoni, kwamba yule kijana aliyeokoka asingeyaweza haya. Kisha nikasikia mtu anamfukuza mbwa, nikasikia viatu vinakimbia, viatu vya mtu mzima, na magoti yakagonga chini karibu na mbavu zangu.

"Kijana. Kijana, niangalie. Usilale."

Ndugu zangu! Ile sauti nilikuwa nimeisikia miaka sita ikiongea na ukuta.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba magoti yalikuwa yamemuuma kanisani akaamua kurudi mapema, akasikia mlipuko, akaona moshi, akakunja kona na kumkuta mtu amelala kwenye damu na mbwa juu yake, hakuna kamera, hakuna mtu mwingine karibu, maana wale wapumbavu walikuwa wamejificha vizuri kuliko panya. Na uso wangu ulikuwa mwekundu wote. Na hata ungekuwa msafi angenijuaje, yeye ambaye hajawahi kuutazama?

Hapo nilikuwa na nafasi ya kuokoa mambo. Ningefungua macho, ningesema shikamoo, ningekimbia. Lakini nikawaza, nikifungua macho tutatazamana, na tukitazamana hali hii, amepiga magoti kando yangu na mimi nimejipaka uchafu wote wa dunia, itakuwa aibu isiyoisha, afadhali ninyamaze, ataona nimekufa, atasema sala fupi, ataondoka. Huo ndio uamuzi wa kijinga zaidi nilioufanya siku hiyo, kuliko hata ndoo.

Kwa sababu nilikuwa nimesahau, au tuseme hakuna kwenye ule ukoo aliyewahi kulikumbuka, kwamba yule mama ujanani alikuwa nesi wa jeshi. Alipelekwa nje mara mbili, kwenye vita vya watu wengine. Nyumbani kwao hadithi za vita ni za mjomba wa Achieng, aliyekuwa dereva wa kambi ya jeshi na hajawahi kuvuka mpaka, na kila Krismasi anatusimulia alivyoponea chupuchupu, na mama anapita na sufuria ya wali katikati ya hadithi bila kusema neno. Hatukuwahi kumuuliza kitu.

"Kisu!" akamwitia mama mmoja muuza sukuma aliyekuwa amekuja kuchungulia, na haikuwa sauti ya kuomba, ilikuwa amri, na nilisikia kisu kimefika hapo hapo. Akaingiza ncha kwenye kiuno cha ovaroli akaipasua mpaka kifundo cha mguu, mara moja, hakunikwaruza hata kidogo. Upepo ukanipiga mahali ambapo upepo haujazoea. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakizungusha juu ya paja, akakaza. Mikono yake ilikuwa inatembea kwenye nyama yangu haraka haraka, inabonyeza, inatafuta, inapita, inarudi, na huku anaongea nami polepole, karibu na sikio, "Usilale mtoto wa watu. Gari linakuja. Nimeona vumbi lake. Gari linakuja." Hakukuwa na gari lolote. Hapo hata vumbi halikuwepo, mvua ilikuwa imenyesha.

Nikataka kulia, si kwa aibu. Lakini akakaza kile kitambaa mara ya pili, nikaona nyota zote, nikapiga ukelele: "Maro! Ni mimi! Ni Wekesa wa Achieng!"

Mikono ikasimama.

Nikafungua macho. Akanitazama. Miaka sita, na huo ndio uso wangu wa kwanza kwake, una damu ya ng'ombe na kipande cha kitunguu kwenye nyusi. Gauni lake jeupe la Sabato lilikuwa limeloa mpaka kifuani. Watu walikuwa wameshajaa, simu zimeelekezwa pajani kwangu, wengine wameshashtukia kuwa ni filamu, kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele, mtu akapaza sauti, "Mathe amepata mgonjwa mwenye maua!", na kule dirishani nikamsikia Oti akipiga kelele kama mwendawazimu, "Msikate! Endeleeni! Msikate!"

Maro akavua mtandio wake mabegani akanifunika kuanzia kiunoni. Akainuka. Alienda akakaa kwenye jiwe, akaweka mikono mbele yake mbali na mwili, akaitazama. Mama wa sukuma akamletea maji kwenye mtungi wa plastiki akamnawisha. Nami nikarudi Kawangware kwa boda boda nimejifunga mtandio wa mama mkwe, na mwendeshaji (mteja wangu!) alicheka kutoka Kibera mpaka Gatina bila kupumua.

Nilichekwa, nikakubali. Nilistahili. Mjomba akapiga simu kutoka nyumbani akasema hilo ni jambo zito, mama mkwe ameona uchi wa mkwe, lazima wazee wakae. Mke wangu alinuna siku nne. Hayo yote niliyabeba.

Kisha Oti akarudi. Wateja walikuwa wengi, akasubiri wapungue, akanishika bega, na macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia amemwonyesha ile sehemu mtu wa maonyesho ya filamu, na huyo mtu amelia, amesema hajaona kitu cha kweli namna hiyo kwenye filamu yoyote ya vita. "Buda, ile ndiyo filamu. Zile zingine zote ni taka. Nataka tu mathe akubali." Akanionyesha kwenye kamera yenyewe, maana kompyuta yake ilikuwa kwa fundi na hakuwa na nakala nyingine. Nikatazama. Na nitawaambia ukweli, mimi ambaye nilikuwa pale chini, nilikuwa sijaona kitu. Niliona mikono yake. Niliona uso wake, uso ambao hata sasa sitauelezea, kwa sababu si wa kuelezewa na mimi.

Tukaenda Highrise siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mimi, Oti na Achieng. Tukaketi sebuleni, mimi karibu na mlango kama kawaida, na kamera ikawekwa mikononi mwa maro. Akatazama mara moja, mwanzo mpaka mwisho, hakupepesa.

"Damu ilikuwa baridi," akasema.

Oti akainua macho.

"Nilipoigusa tu nilijua ni baridi. Na nikasikia harufu ya dhania. Nikajua hii si damu ya mtu." Akaigeuza mikono yake juu chini. "Niliiambia mikono iache. Ikakataa. Kule mtu akiletwa hutazami uso, hutazami nchi, unatafuta tu damu inatokea wapi. Unatafuta mpaka hakuna cha kutafuta, na bado unatafuta."

Oti akasogea mbele. "Mathe, hiyo ndiyo vita yenyewe. Watu lazima waione. Wanadhani ni bunduki tu."

"Watoto wangu watatu," maro akasema, "hawajawahi kuniona na uso huu. Nilirudi nyumbani nikahakikisha. Miaka yote hiyo, nimepika, nimecheka, nimeimba kwaya. Sasa wewe unataka niwekwe ukutani na uso huu, watu wakila njugu?" Akamrudishia kamera. "Futa."

Oti akasema ndiyo. Kisha akasema, lakini mathe. Kisha akasema anaweza kuuficha uso kidogo. Kisha akasema ni sanaa, na sanaa si ya mtu mmoja, na pale aliposema hivyo nikaona Achieng, mke wangu, amemkazia mama yake macho kama aliyekutana naye leo, machozi yanamtiririka, na maro ameinamisha kichwa, na nikaelewa kwamba yule kijana hataifuta. Akitoka pale ataisambaza, atajiambia anatufanyia wema.

Nikainuka. Nikaichukua kamera mikononi mwa Oti kama ninayetaka kuitazama tena, nikafungua kile kimlango cha chini, nikatoa memori kadi, nikaitia mdomoni, nikaitafuna.

Si rahisi kama mnavyodhani. Ni ngumu, inateleza, na ina ladha ya shilingi. Oti alinirukia, akanishika taya kwa mikono miwili, tukaanguka juu ya kochi la shemeji, akapiga kelele, "Hiyo ina kazi ya siku tatu! Buda, tema! Tema!" na mimi natafuna tu, mpaka nikasikia imevunjika kwenye jino la nyuma, na jino nalo likavunjika, hili hapa, mnaliona pengo. Nikatema vipande kiganjani nikampa.

Aliniita adui wa sanaa. Vijana wa Kibera hawakununua mutura yangu kwa muda mrefu, na wapo mpaka leo wanaosema niliua filamu nzuri kwa ajili ya boksa yangu. Waseme. Kuhusu suruali nina haya, kuhusu ndoo nina haya, kuhusu kulala pale kimya nikimwacha mama wa watu ahangaike na paja langu nina haya mpaka nitakapozikwa, na nimeapa sitaigiza tena maiti, mgonjwa, wala hata mtu aliyelala. Lakini ile kadi? Leteni nyingine kama ile, meno bado ninayo.

Filamu waliimaliza. Wakarudia zile siku tatu, wakarudi kwa juisi yao ya waridi, ikaonyeshwa ukumbi mmoja Kawangware siku ya Jumapili mchana, pakajaa. Maro alitaka kwenda. Tulishangaa, lakini alivaa akatoka, akakaa kati ya Achieng na mimi, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mabomu yakalia, vijana wakaruka kinyumenyume, askari mmoja akatoa hotuba ndefu kabla ya kufa, watu wakashangilia wakisimama. Mzee mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti kwamba hivi ndivyo vita vilivyo kabisa, kabisa, na nikageuka nimjibu, nilikuwa na mengi, nikahisi maro amenigusa kiwiko kunizuia.

Yule mzee akamwona, akatabasamu. "Ama namna gani, mama? Umeona vita?"

"Nimeona filamu," akasema.

Tulipotoka, ngazi za ule ukumbi ni mbovu, hazina kishikio, na magoti yake mnayajua. Akasimama juu pale, watu wanampita. Achieng alikuwa ameshatangulia chini. Maro akanigeukia, akanitazama usoni, akanyoosha mkono. Watu wa kwao walikuwepo, wakaona, na mmoja akasema "Aa-aa!" kama aliyeona mtu anavuka barabara bila kuangalia. Nikaushika. Tukashuka ngazi moja moja, na tulipofika chini sikuuachilia, tukatembea hivyo hivyo mpaka barabarani.